Ulimi wa Mgeni

Husemwa kwamba ladha haigombewi. Mmoja apenda pweza wa nazi, mwingine hawezi hata kumtazama. Mmoja hutia pilipili mpaka jasho limtoke, mwingine chumvi yamtosha. Na kila mmoja huachwa na ulimi wake. Maneno hayo yana busara, na katika nyumba nyingi yamezuia ugomvi baina ya mke na mawifi zake. Lakini aghalabu wayasemao ndio wale wale ambao, wakirudi kutoka safari ya bara, jambo la kwanza wanalolisimulia barazani ni chakula cha huko: kwamba hakina viungo, kwamba hakina nazi, kwamba watu wale hawajui kupika. Na kutoka “hawajui kupika” hadi “hawajui” peke yake ni hatua fupi mno. Hapo ladha iliyosemwa kuwa haigombewi imekwisha kuwa hukumu juu ya watu.

Suala basi ni hili: mtu anapokataa chakula cha mwenziwe, anakataa nini? Na ulimi una haki gani ya kuhukumu kilicho nje ya kinywa?

Pahali pazuri pa kulipima suala hili ni mbali na bahari, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, ulioinuka baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani akumbuke blanketi kabla ya kukumbuka chakula. Mnazi hauoti huko. Nafaka ya asili ni ulezi, na ugali wake ni wa rangi ya udongo uliolowa, mzito, unaomegwa kwa mkono na kuchovywa kwenye maharage au mboga za majani, au kuliwa kwa migebuka na dagaa waliokaushwa, waliopandishwa kutoka Kirando, Kipili na Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Na ulezi huo huo ndio unaotengenezewa pombe.

Mtu wa pwani aliyehamishiwa huko kikazi, ualimu au utabibu, huletewa sahani hiyo siku yake ya kwanza. Ulimi wake hauonji kilichopo, unahesabu kisichokuwapo. Hakuna nazi, hakuna iliki, hakuna ndimu. Akimaliza hesabu hiyo huamini kwamba ameonja ulezi.

Wanafalsafa wa Ulaya waliwahi kulishughulikia jambo hili, na mfano walioupenda ni mvinyo. Mnamo mwaka 1757 David Hume wa Uskochi aliirejelea hadithi iliyomo katika Don Quixote ya Cervantes, ya watu wawili walioombwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza alisema ni mzuri, ila una ladha ya ngozi. Wa pili alisema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Walichekwa sana. Pipa lilipomwagwa likaonekana chini yake ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kigwe cha ngozi. Hume alitaka kuonyesha kwamba ndimi hazilingani, na kwamba ulimi mjuzi hugundua kitu kilichopo kweli. Miaka 33 baadaye Immanuel Kant wa Ujerumani alishika njia nyingine: utamu wa mvinyo ni jambo la mtu binafsi, na anayesema mvinyo fulani unapendeza afadhali aongeze “kwangu mimi”.

Neno la Kant ni la kiungwana na lingeziokoa baraza nyingi. Hata hivyo hadithi ya Hume inafundisha zaidi, pengine kuliko alivyokusudia. Waonjaji wale wawili walikuwa wa ukoo mmoja uliorithi ujuzi wa mvinyo, na mvinyo waliopewa ulikuwa wa nchi yao. Wangeletewa kibuyu cha pombe ya Ufipa, ufunguo wangeumeza wasijue. Hume mwenyewe alimtaka mwamuzi wa ladha awe na mazoezi, awe amelinganisha mengi, na awe amejitakasa na chuki za awali. Mpishi wa Unguja anayeweza kutambua kwa tone moja kwamba tui limekamuliwa kwa nazi iliyolala ni bingwa, na hapana wa kumnyang’anya ubingwa wake. Lakini mbele ya ulezi ni mwanafunzi wa chuo aliyekuwa bado hajamaliza alifu. Wahenga walikwisha kuweka ratiba ya masomo hayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyepalilia ulezi, mmea unaofanana na magugu yanayouzunguka hata mgeni hawezi kuutofautisha, huyo huujia ugali kwa njia nyingine.

Kuonja, kwa hakika, si kazi ya mgeni kwanza. Katika sehemu nyingi za bara ambako pombe ya nafaka hunywewa, mwenyeji ndiye anayeonja wa mwanzo, mbele ya macho ya mgeni. Haonji ili aseme tamu au chungu. Anaonja ili mgeni ajue kwamba hamna sumu. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi: aingiaye autupe nje. Iwayo yote juu ya uchawi, hofu yake ilikuwa ya kweli, na mtoto wake wa kwanza ni hofu ya kula kwa watu. Pwani nako mama humuonya mwanawe asile kila nyumba anayoingia. Kwa hiyo funda lile la mwenyeji ni dhamana. Ametia uhai wake katika chombo kimoja na uhai wa mgeni. Anayelijibu funda hilo kwa kukunja pua amejibu suala ambalo hakuulizwa.

Je, basi mgeni lazima anywe? La hasha. Hapa ndipo mambo yanapochanganywa. Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa pwani, hana ruhusa ya hata tone la kilevi, na ukarimu wa mwenyeji hauibadilishi sheria. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi, tangu Mababa Weupe walipokita kambi Karema, kwenye mwambao wa ziwa, mwaka 1885. Watu waliozoea Kwaresima wanaelewa vyema kwamba mtu aweza kuwa chini ya amri iliyo kubwa kuliko njaa yake. Mgeni akisema “dini yangu hainiruhusu, mama,” amesema neno juu ya nafsi yake. Akisema “mimi sinywi vitu kama hivi,” amesema neno juu ya chungu, na juu ya mikono iliyokitengeneza. Katika hali zote mbili kikombe kimebaki kimejaa.

Mwenyeji mwenye huruma humtafutia mgeni wa namna hiyo togwa. Ulezi huloweshwa mpaka uchipue, huanikwa juani, husagwa ukawa kimea. Kimea hutiwa katika uji uliopoa, na uji huo mzito hulegea na kuwa mtamu bila ya sukari. Watoto hunywa. Ukiachwa, huanza kuchacha, na safari yake ya kuelekea kwenye ulevi haina kibao cha kuonyesha mpaka uko wapi. Wanazuoni wa fikihi walijadiliana karne nyingi juu ya nabidhi, maji yaliyolowekwa tende au zabibu, kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni mcha Mungu hana budi kuuliza: “Mama, hili limekaa siku ngapi?” Nalo si tusi. Aulizaye hivyo ameingia jikoni. Ataelezwa kimea ni nini, baridi ya Juni inachelewesha kiasi gani, na kwa nini togwa la juzi halifai tena kwa mtoto. Atatoka anajua jambo moja la kweli juu ya ulezi, ilhali mwenziwe aliyesema “sipendi” hajui lolote ila habari za kinywa chake.

Mvinyo nao uliwahi kufika Ufipa, lakini kwa mlango wa kanisa. Misa ya Kikatoliki yataka mkate wa ngano na divai ya zabibu, wala haikubali kingine badala yake. Mkulima wa ulezi alijikuta ameitwa kwenye karamu kubwa kuliko zote, ambayo shamba lake halina cha kuichangia. Padre Jean-Marc Ela wa Kameruni, aliyefanya kazi miongoni mwa wakulima wa mtama na uwele, aliliuliza suala hilo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1980: vipi watu wa nafaka hiyo wategemee ngano na zabibu za mbali ili wamkumbuke Mola wao? Kanisa lina jibu lake, nalo ni kwamba meza ile ya kwanza ilikuwa na vyakula vyake na hakuna mwenye mamlaka ya kuvibadilisha. Kuliamua hilo ni kazi ya wenye imani hiyo. Linaloonekana hata na mtu wa nje ni kwamba siku hizi zabibu hulimwa Dodoma na divai si mgeni tena Tanzania, na bado ulezi uko nje ya mlango.

Pengine itadhaniwa kwamba ukarimu wa watu wa uwanda ule ni wa kutojua madhara ya wageni. Simulizi yao mashuhuri yasema kinyume. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wafipa katika miaka ya 1960, aliichambua simulizi hiyo katika makala ya mwaka 1967. Ntatakwa, mfalme wa Milansi, alitoka nyumbani kwake, na huku nyuma wakaja wanawake watatu wasiojulikana. Mke wa mfalme hakuweza kukilinda kiti cha enzi, wageni wakakikalia. Aliporudi nchi ilikuwa imekwenda, na akabakiwa na kilima chake na heshima ya kuwa wa mwanzo. Watu waliopokezana hadithi hiyo kizazi kwa kizazi wanajua gharama ya kumsogezea mgeni kigoda. Wanamsogezea.

Mgeni mwingine aliyekalia kiti ni hindi. Asili yake ni Marekani, na alikuwa Afrika Mashariki zamani, lakini ukubwa wake Ufipa uliletwa na bei. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, gunia la Sumbawanga likanunuliwa sawa na gunia la karibu na Dar es Salaam, ingawa umbali baina yao unazidi kilomita 1,000. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya kulisha miji. Mfumo ule uliondolewa katika mageuzi ya uchumi yaliyoanza miaka ya 1980, lakini shamba lilikuwa limekwisha kujifunza. Ulezi una punje ndogo, unasumbua kupalilia, kuvuna na kupura. Ulikuwa mwenzi wa kilimo cha Wafipa cha matuta ya mviringo, ambamo nyasi hufukiwa zikaoza na kuwa mbolea. Hindi lilikuja na mbolea ya gunia.

Na mahindi meupe yalikuwa yakisagiwa nani? Walaji wa mijini, waliotaka sembe nyeupe. Ulimi wa mgeni ulifika Ufipa kabla ya mgeni mwenyewe, ukakaa shambani, ukachagua mbegu. Mkulima aliyeukubali hakuwa mjinga. Hindi lilimpa bati na ada ya shule, na hapana mwenye haki ya kumtaka abaki na ulezi ili wengine wapate cha kuonea fahari. Ila ni vigumu, baada ya kuyatazama mashamba hayo, kuendelea kusema kwamba ladha ni siri ya mtu na kinywa chake.

Leo unga wa ulezi unauzwa Dar es Salaam katika pakiti safi, kwa jina la uji wa lishe. Husifiwa kwa madini ya chokaa yanayojenga mifupa, na hupewa watoto na wazazi waliojifungua. Nyumba ambazo miaka iliyopita zingeuita chakula cha washamba sasa humkanya mtumishi asiumwage. Mbegu yake haikulindwa na bei ya serikali wala na sifa za wanaokula sembe. Katika sehemu kubwa ya nyanda zile za juu, kilichoendelea kuupa ulezi soko, mwaka baada ya mwaka, ni pombe: wanawake wenye vyungu walioununua, wakauchipuza, wakauanika. Mtoto wa pwani anakunywa uji wake wa asubuhi kutokana na chungu ambacho baba yake, alipokuwa Sumbawanga kikazi, alikikunjia pua.