Kidole cha Buenos Aires

Metropolis, filamu ya Fritz Lang, ilipozinduliwa Berlin mwaka 1927 ilikuwa na urefu wa karibu saa mbili na nusu. Haukupita muda, wasambazaji wakaitia mkasi, na kwa miaka themanini hivi walimwengu wakaamini kwamba vipande vilivyokatwa vimepotea moja kwa moja. Kumbe nakala nzima ilishavuka bahari kwenda Argentina. Huko ikaangukia mikononi mwa Manuel Peña Rodríguez, mhakiki wa filamu aliyezikusanya kwa mapenzi yake mwenyewe. Baadaye ikahamishwa huku na huko, hadi mwaka 2008 ilipotambuliwa katika makumbusho ya sinema ya Buenos Aires, nayo imejaa mikwaruzo. Miaka miwili baadaye watu wakaitazama tena, ikiwa na dakika kama 25 ambazo karibu kila aliyeziona mwanzo alikwisha kufa.

Mimi hunivutia zaidi namna ilivyojulikana. Msimamizi mmoja wa klabu ya sinema alikuwa na lalamiko la siku nyingi: alipoionyesha filamu ile, mkanda ulikuwa ukicheza ndani ya projekta, ikambidi aubane kwa kidole kwa zaidi ya saa mbili. Mtafiti Fernando Peña alipozipata habari hizo akashtuka, maana Metropolis iliyojulikana na wote haikufika muda huo. Jina la filamu lilikuwapo kwenye makabati miaka yote. Aliyejua urefu wake ni mtu aliyechoka kidole.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kukusanya filamu na projekta majumbani ni jambo linalokufa, na kwamba sababu ni vipuri, huwa naona tumeshika mkia tukamwacha ng'ombe. Vipuri ni shida, sikatai. Mikanda ya mpira inakatika, gia zinalika, na mwenye projekta mbili huishia kuichinja moja ili nyingine iishi. Kemia nayo haina huruma. Filamu nyingi za milimita 16 ni za asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huvunjika polepole, ikatoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, kisha asidi hiyo ikauharakisha uharibifu. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya achari, ujue umechelewa. Wataalamu wanashauri filamu zihifadhiwe mahali pa baridi na pakavu. Nani atampelekea ushauri huo mtu wa Tanga?

Namtaja mtu wa Tanga kwa sababu yupo. Ni mzee aliyezunguka vijijini na gari la sinema ujanani, akionyesha filamu za afya na kilimo, na palipokuwa na bahati, kichekesho kimoja cha kuwafurahisha watoto. Ofisi yake ilipoamua kuyatupa makopo, akayachukua. Yamo chumbani, chini ya kitanda, pamoja na projekta iliyofunikwa kanga.

"Shikamoo mzee. Bado inafanya kazi?"

"Marahaba mwanangu. Inafanya. Ila ukiiwasha wewe itautafuna mkanda."

Akanieleza sababu. Picha 24 hupita kila sekunde, na kila moja lazima isimame kitambo kidogo mbele ya taa kabla ya kuipisha inayofuata, ilhali gurudumu linazunguka bila kusimama. Ndiyo maana mkanda huachiwa kitanzi juu na kitanzi chini, ulegee kiasi. Usipoachia kitanzi, unachanika matundu. Ukiachia cha chini kikubwa mno, sauti inachelewa nyuma ya midomo. Kiasi ni kipi? Akaonyesha kwa vidole viwili.

Watu wa namna yake hawakupendwa na wenye filamu. Marekani, mwaka 1974, FBI waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall wakaondoka na mkusanyiko wake, kwa madai ya hakimiliki. Sheria ni sheria, lakini wakati huo huo studio zenyewe zilikuwa na rekodi mbaya ya utunzaji. Utafiti uliotolewa na Library of Congress mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika filamu ndefu za kimya za Marekani, zilizosalia katika umbo zilivyotolewa ni asilimia 14 tu. BBC nao walifuta vipindi vingi vya tamthilia yao ya televisheni, Doctor Who. Mwaka 2011 viwili vikarudi kutoka kwa mkusanyaji aliyevinunua kwenye gulio la shule bila kujua kwamba wenyewe hawana, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vingine tisa vimepatikana katika kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria.

Lakini nao wakusanyaji wana lao. Hofu ya kushtakiwa iliwafundisha kuficha, na kuficha kukawa tabia hata hofu ilipokwisha. Nawalaumu kwa hilo. Filamu isiyoonyeshwa kwa mtu haina mrithi, kwa sababu mtoto hawezi kutamani kitu alichokatazwa kukigusa. Watoto wa mzee wa Tanga wanakihitaji chumba, na siwaoni kuwa wabaya. Kwao yale ni mabati yanayonuka.

Dijitali? Ni msaada mkubwa, wala simo katika wale wanaoidharau. Lakini makopo yale yana namba tu. Mtambo wa kunakili utaichukua sura ya mwanamke anayetwanga mahindi. Hautajua kijiji ni kipi, wala kwa nini watazamaji walicheka daktari alipotokea. Mzee anajua, kopo kwa kopo.

Nikamwomba tukae, tuzionyeshe zote, naye azungumze huku simu ikirekodi. Amekubali kwa masharti mawili: nijifunze kwanza kuupitisha mkanda mwenyewe, na nimtafutie taa, volti 24, wati 250, maana aliyonayo ni ya mwisho. Kuupitisha mkanda kunaendelea vizuri. Taa nimeizungukia Kariakoo duka hadi duka, na kila muuzaji, akishaisoma karatasi yangu, ananiuliza ni ya lori gani.