Panda Mbegu, Kisha Ulale

Andiko kuu: Marko 4:26-29, 1 Wakorintho 3:5-9
Muhtasari wa ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili

 

Jumatano iliyopita, tulipomaliza maombi ya katikati ya wiki, dada mmoja anayefundisha watoto wetu alinifuata hadi mlangoni. Amenipa ruhusa niwasimulie, ila jina lake nitalihifadhi. Mkononi alikuwa ameshika ufunguo wa chumba cha watoto. Akaniambia, "Pasta, naomba nirudishe huu ufunguo. Nimefundisha miaka sita. Wale niliowaanza nao wako sekondari sasa, na hakuna hata mmoja anayekuja kanisani. Nimejaribu, lakini nimeshindwa."

Kusema kweli, sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba tu akae na ufunguo hadi Jumapili. Kwa hiyo ujumbe wa leo namhubiria yeye kwanza. Lakini najua hayuko peke yake. Kuna mzee hapa ambaye ushirika wake wa nyumbani ulianza na watu kumi na wawili, sasa wamebaki watatu, na wawili kati yao ni mke wake na shemeji yake. Kuna mama ambaye amefunga na kuomba kwa ajili ya kijana wake, na kijana bado anarudi nyumbani usiku wa manane akiwa amelewa. Kuna ndugu anayeshuhudia pale steji ya matatu kila asubuhi, na makanga wanamcheka. Kila mmoja wenu ana ufunguo mkononi na anajiuliza, "Niurudishe?"

1. Mkulima alilala

Fungua Marko 4. Yesu anasimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu shambani. Baada ya kupanda alifanya nini? Alienda kulala! Akaamka, akalala tena, usiku na mchana, na mbegu ikaota na kukua, naye mwenyewe hajui imekuaje. Yesu hamkemei kwa kulala. Hamwiti mvivu. Anatuambia kwamba Ufalme wa Mungu uko hivyo.

Ninyi mliolelewa shambani mnaelewa. Ukishapanda mahindi, mvua ikanyesha, huwezi kwenda kila asubuhi kufukua mbegu uone kama imeota. Ukiifukua unaiua. Kuna kazi yako: kutayarisha shamba mapema, kuchagua mbegu nzuri, kupalilia, kufukuza nyani. Na kuna kazi isiyo yako: kuipa mbegu uhai. Hiyo hata profesa wa kilimo hawezi kukufanyia.

Sasa mtu asitoke hapa akisema, "Pasta amesema tulale." Yule mkulima alilala baada ya kupanda. Mtu ambaye hakupanda na bado analala, huyo hana imani, ana usingizi tu. Mwalimu anayeingia darasani bila kujiandaa, watoto wakasinzia, asiseme eti matokeo ni ya Mungu. Hiyo sehemu ilikuwa yake.

Paulo naye anawaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana kuhusu nani ni mtumishi mkubwa. Anawaambia yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Halafu katika mstari wa 8 kuna neno ambalo nimelipita miaka mingi bila kuliona. Anasema kila mtu atapewa thawabu kulingana na nini? Si kulingana na mavuno. Ni kulingana na taabu yake. Mwambie jirani yako: "Bwana anaiona taabu yako."

Hebu fikiri, kama thawabu ingekuwa kwa mavuno, Yeremia angepata nini? Alihubiri takriban miaka 40, na mji ukaanguka. Walimtia kisimani kwenye matope. Kwa hesabu zetu za leo tungesema huyo hana upako. Lakini mbinguni hakuna anayemwita Yeremia mtumishi aliyeshindwa.

2. Anayeng'ang'ania matokeo mwishowe huiacha kazi

Hapa ndipo penye hatari, wapendwa. Soma 1 Samweli 13. Mfalme Sauli yuko Gilgali. Wafilisti wamejipanga, na Samweli amemwambia amngoje siku saba. Siku ya saba imefika, Samweli haonekani, na watu wanaanza kumtoroka Sauli mmoja mmoja. Angalia kilichomsumbua: watu wanatawanyika. Hesabu inapungua! Basi akatoa sadaka mwenyewe, kazi ambayo hakupewa. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Sauli alitaka kushika matokeo kwa nguvu, na hapo ndipo ufalme ulipoanza kumtoka mkononi.

Msimcheke Sauli. Niwaambie langu.

Nilipokuwa pasta kijana, mama mmoja kanisani aliugua sana. Tulimwombea, na Jumapili moja nikasimama madhabahuni nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba Pasaka ikifika atasimama hapa mbele atoe ushuhuda. Kanisa likapiga makofi na vigelegele. Wapendwa, Bwana hakuwa ameniambia hivyo. Nilitamani iwe hivyo, na nikaliweka neno langu kinywani mwa Mungu.

Wiki zikapita, mama akazidi kudhoofika. Na mimi nikafanya nini? Nikapunguza kumtembelea. Mwanzoni nilienda kila siku ya pili, kisha mara moja kwa wiki, mwishowe nikawa natuma mashemasi. Nilisema nina shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba kila nilipomwona amekonda zaidi niliona aibu kwa ajili ya lile neno langu. Alifariki kabla ya Pasaka. Baada ya mazishi niliendelea kumkwepa mume wake. Nikimwona sokoni napita upande ule mwingine.

Siku moja akaja mwenyewe ofisini. Nilidhani amekuja kuniuliza, "Pasta, unabii wako uko wapi?" Hakuuliza. Aliniambia, "Pasta, wiki zile za mwisho mama watoto hakuwa anataka umponye. Alikuwa anauliza mbona huji. Alitaka tu uketi hapo, umshike mkono, umsomee Zaburi."

Hilo ndilo sitalisahau hadi nife. Kuponya hakukuwa kazi yangu. Kuketi kando ya kile kitanda ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilihangaikia sana sehemu ya Mungu, hata nikaacha ya kwangu. Nilimwomba yule baba msamaha, na leo naliomba kanisa msamaha pia. Bado naamini Yesu anaponya. Nitaendelea kuwawekea wagonjwa mikono na kuomba kwa ujasiri, kwa sababu Yeye ndiye aliyetuagiza. Lakini wale vijana watatu mbele ya tanuru la moto, katika Danieli 3, walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Imani yao haikupungua kwa kusema "hata asipofanya". Hapo ndipo iliposimama imara.

3. Kaburi la pwani na vilima vya Rabai

Niwape mfano wa hapahapa Kenya. Mwaka 1844 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mke wake, Rosina. Mwezi wa Julai mwaka huohuo homa iliwashika. Rosina akafariki, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata siku chache baadaye. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf, akiwa mgonjwa mwenyewe, aliwaandikia waliomtuma kwamba lile kaburi ni ishara kuwa kazi imeanza upande huu wa Afrika. Mwaka huohuo alikuwa tayari ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai, kule vilimani nyuma ya Mombasa. Krapf alikuwa na ndoto kubwa: vituo vya Injili vipangwe kama mnyororo kutoka pwani hii hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Mnyororo huo hakuuona. Afya yake ilivunjika, akarudi kwao. Rebmann alibaki pwani hadi mwaka 1875, yaani miaka 29, bila kurudi nyumbani hata mara moja. Waliobatizwa katika miaka hiyo walikuwa wachache mno. Aliondoka akiwa karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafariki.

Ukimuuliza mtu wa hesabu, atakuambia wamishonari wale walipoteza wakati. Lakini usifunge kitabu mapema. Krapf alifariki mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882. Hakuishika mkononi. Na kile kituo kidogo cha Rabai kikawa mahali ambapo watumwa waliotoroka walikimbilia. Aliyekiongoza wakati huo alikuwa Mwafrika, William Jones, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Tarehe 1 Januari 1889 mamia ya waliokuwa wamejificha Rabai walipewa hati za uhuru wao. Rebmann alikuwa ameshalala kaburini zaidi ya miaka 12. Hilo halikuwa kwenye mpango wake wala wa Krapf. Walipanda kitu kimoja, na Mungu akavuna hata kile ambacho hawakukifikiria.

Lakini sikilizeni vizuri: hata kama hati zile zisingetolewa, Rebmann angekuwa mwaminifu vilevile. Tusiwasifu kwa sababu mwishowe "ilifaulu". Waebrania 11 inatuambia kuna wengi waliokufa katika imani bila kuyapokea yaliyoahidiwa. Waliyaona kwa mbali tu, wakayashangilia.

4. Tufanye nini basi?

Kwanza, tenganisha kazi yako na kazi ya Mungu. Mama, kumpenda kijana wako, kumwambia ukweli, kumwombea na kumwachia mlango ni kazi yako. Kuugeuza moyo wake si kazi yako. Ukijaribu kuugeuza kwa kelele na vitisho, utampoteza hata yule anayerudi usiku wa manane.

Pili, tuangalie tunavyohesabu hapa kanisani. Viongozi, nasema na ninyi na najisemea mwenyewe. Tukikutana, swali la kwanza limekuwa, "Mlikuwa wangapi?" Kuanzia mwezi huu swali la kwanza litakuwa, "Ni nani mliyemtembelea, na anaendeleaje?" Watatu wa yule mzee si hesabu ndogo. Ni watu watatu.

Tatu, usiku ukifika, mkabidhi Bwana shamba. Taja majina yao mbele zake, useme, "Bwana, nimefanya ya leo," kisha ulale. Asubuhi jembe litakuwa palepale.

Na wewe ambaye huduma yako inastawi, unyenyekee pia. Kama mavuno mabaya si aibu yako, mavuno mazuri si sifa yako.

Dada yangu mwenye ufunguo, sitakuahidi kwamba wale wa sekondari watarudi. Nilishajifunza kutotoa ahadi ambazo Bwana hajanipa. Tutaendelea kuwatafuta na kuwaombea kwa majina. Lakini asubuhi ya leo, saa tatu kasoro, nilipita kwenye kile chumba nikakuta watoto kumi na mmoja wameketi kwenye ngazi. Mmoja aliniuliza, "Pasta, mwalimu atakuja?" Nikamwambia, "Tumngojee." Na ulikuja, ukafungua mlango. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa, na Bwana ameiona. Amina.

Sala

Baba, tusamehe tulipotaka kukaa kwenye kiti chako. Tusamehe tulipowakimbia watu wako kwa sababu mambo hayakuwa kama tulivyotangaza. Tupe mikono ya kupanda bila kuchoka na moyo wa kulala kwa amani. Waliochoka uwatie nguvu, na kila ulichokikuza, sifa iwe yako. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni huduma gani umefikiria kuiacha kwa sababu huoni matokeo? Sehemu yako ndani yake ni ipi, na ya Mungu ni ipi?
2. Someni 1 Samweli 13:8-14. Ni wakati gani hofu ya "watu kutawanyika" imetufanya tutende jambo ambalo Mungu hakutuagiza?
3. Je, kuna mgonjwa au mfiwa ambaye umemkwepa kwa sababu maombi hayakujibiwa ulivyotarajia? Mtembelee kabla ya Jumapili ijayo. Usiende na neno kubwa. Nenda na Zaburi moja, uketi.