Koti la Mvua Mbele ya Forodha: Swali la Asili ya Kitu

Koti la mvua lililoshonwa kwa kitambaa cha nailoni na kupakwa plastiki upande wa ndani ni nguo ya nailoni, ni kitu cha plastiki, au ni jambo la tatu? Mvaaji hana haja ya kujibu, maana mvua ikinyesha koti litamkinga vilevile. Forodha haina budi kujibu, kwa sababu ushuru hautozwi mpaka bidhaa ijulikane kisheria ni kitu gani, na kila aina ina kiwango chake. Ndani ya kazi hiyo limo swali la kale la falsafa: je, aina za vitu zimo katika vitu vyenyewe, au ni mipaka iliyochorwa na binadamu?

Uainishaji wa bidhaa duniani hufuata Mfumo wa Uwianifu, ambao mkataba wake ulipitishwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, na zaidi ya nchi na maeneo 200 yanautumia. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila mahali. Baada ya hapo kila nchi huongeza zake na kupanga viwango vyake. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejenga ushuru wake wa pamoja juu ya mfumo huohuo. Kwa hiyo koti moja linapaswa kubeba tarakimu sita zilezile likishushwa Mombasa, Dar es Salaam au New York, ingawa kodi inayolipwa hailingani.

Mfumo huu hutanguliza malighafi. Koti la plastiki tupu, lisilo na kitambaa ndani yake, huingia namba 39.26, na la mpira mtupu namba 40.15. Kitambaa kilichopakwa plastiki kiko namba 59.03, na nguo iliyoshonwa kwa kitambaa hicho huenda namba 62.10 ikiwa kimefumwa kwa mtande na mshindio, au 61.13 ikiwa kimefumwa kwa vitanzi kama sweta. Kitambaa kikizama chote ndani ya plastiki, au kikafunikwa nayo kabisa pande zote mbili kwa namna inayoonekana, sheria hukihesabu kuwa plastiki na kukirudisha sura ya 39. Nyuzi zimo bado, lakini hazihesabiwi tena kuwa ndizo zinazokifanya kitu kiwe kilivyo.

Kipimo kinachoamua ni cha kushangaza kwa wepesi wake. Maelezo ya sura ya 59 yanataka tabaka la plastiki lionekane kwa macho matupu, na mabadiliko ya rangi peke yake hayahesabiwi. Darubini haina nafasi hapa. Koti lililonyunyiziwa dawa isiyoonekana ya kuzuia maji, hata likikinga mvua vizuri, haliingii 62.10, huenda 62.01 likiwa la kiume au 62.02 likiwa la kike, pamoja na makoti mengine. Koti lenye tabaka hafifu linaloonekana, hata likivuja, huingia. Pana pia kipimo cha ugumu: kitambaa kisichoweza kuzungushwa kwa mkono kwenye mche duara wenye kipenyo cha milimita 7, katika joto la nyuzi 15 hadi 30 za Selsiasi, bila kupasuka, kwa kawaida huhesabiwa kuwa plastiki.

Baada ya malighafi huja mvaaji. Nguo inayofungwa kwa upande wa kushoto kupanda juu ya wa kulia ni ya kiume, na inayofungwa kinyume chake ni ya kike, isipokuwa mshono wenyewe uoneshe vingine. Isiyotambulika huwekwa pamoja na za kike. Nguo ya mtoto asiyezidi sentimita 86 kwa urefu ina namba yake, 62.09, nayo huishinda hata 62.10. Hivyo mtoto mchanga anaipita malighafi, na malighafi inawapita watu wazima. Hakuna sheria ya maumbile inayodai mpangilio huo. Umeamuliwa.

Aristotle alifundisha kwamba anayetaka kukijua kitu aulize kimetengenezwa kwa malighafi gani, kina umbo gani, nani amekitengeneza na kwa kusudi gani. Kwa chombo kilichoundwa na mikono ya watu, kusudi ndilo lingetarajiwa kutawala, maana koti la mvua lipo kwa ajili ya mvua. Mfumo wa forodha unageuza mpangilio huo: malighafi mbele, kusudi nyuma. Mwishoni mwa karne ya 17, John Locke alitenganisha asili halisi ya kitu, iliyofichika ndani yake, na asili ya jina, yaani jumla ya alama ambazo watu hukitambua kwazo. Namba 62.10 ni asili ya jina kwa ukamilifu. Haidai kufichua siri ya koti; inadai alama tu.

Swali linalofuata ni kama alama inaweza kuwa haki wakati inapingana na ukweli uliofichika. Mwaka 1881 Mahakama Kuu ya Marekani ililikuta swali hilo katika kesi ya Merritt dhidi ya Welsh. Sheria ya ushuru wa sukari ilipanga madaraja kwa rangi, na serikali ikataka kupima utamu kwa kemia, kwa hoja kwamba sukari nzuri ilikuwa imetiwa weusi ili ilipe kidogo. Mahakama ilishikilia rangi. Bunge lilikuwa limechagua alama, na mfanyabiashara aliyeleta mzigo wake wazi mbele ya maofisa, bila udanganyifu, hakuwa ametenda kosa. Kasoro ya alama hurekebishwa na mtunga sheria, wala si ofisa mezani.

Hata hivyo kusudi halikufukuzwa moja kwa moja. Jedwali la ushuru la Marekani linalirudisha katika tarakimu zinazofuata zile sita. Jaketi la kiume la nyuzi za viwandani lisilostahili 62.10 limetozwa kwa miaka mingi asilimia 27.7 katika kiwango cha kawaida. Likithibitika kuzuia maji, asilimia 7.1. Kuthibitika kwake ni kwamba, chini ya mgandamizo wa maji wa milimita 600, isipenye zaidi ya gramu 1 baada ya dakika mbili, na kinga hiyo itokane na plastiki au mpira uliopakwa. Hapa kazi ya koti inahesabiwa, lakini nayo imegeuzwa kuwa kipimo ambacho maabara yoyote inaweza kukirudia.

Huo ndio uzi unaoyaunganisha macho matupu, rangi ya sukari na gramu moja ya maji. Sheria haikuchagua alama iliyo karibu zaidi na asili ya kitu. Imechagua alama ambayo mwagizaji, wakala wa forodha, ofisa na hakimu wanaweza kuishuhudia kwa pamoja. Haki hudai mambo yanayofanana yatendewe sawasawa, na kufanana kusikoweza kuoneshwa hakumlindi yeyote. Anayeambiwa kwamba koti lake kwa undani ni plastiki hana pa kujitetea. Anayeambiwa kwamba tabaka linaonekana anaweza kuliinua koti kwenye mwanga na kubisha.

Mfumo unakiri pia mahali ambapo hoja huishia. Kanuni ya tatu inasema bidhaa inayofaa namba mbili iende kwenye maelezo mahususi zaidi. Hilo likishindikana, ifuate kile kinachoipa sifa yake ya msingi. Hilo nalo likishindikana, ichukue namba inayokuja mwisho kati ya hizo. Hatua hiyo ya mwisho haina hekima yoyote kuhusu kitu chenyewe, lakini ina uadilifu: uamuzi unatakiwa, na ni bora utokane na utaratibu uliotangazwa mapema kuliko matakwa ya aliyeko zamu.

Kwa hiyo aina za forodha zimeundwa na watu, lakini si za kubahatisha. Zinafunga kwa sababu ni za wazi, ni sawa kwa wote na zinaweza kusahihishwa: Mfumo wa Uwianifu hupitiwa upya mara kwa mara, na toleo la 2022 lilibadilisha vijinamba vya makoti haya. Uhalali wake unadai mambo mawili kwa watu: mwagizaji alete bidhaa na maelezo yake bila kuficha, na ofisa aikague ile iliyo mbele yake kwa kipimo kilichoandikwa. Mmoja wao akikiuka, namba hubaki ileile, lakini haki iliyokuwa ikiibeba huwa imeondoka.