Mkono Unaotetemeka

Jioni za mazoezi katika klabu ya taarab ya Unguja hazina makuu. Watu huingia mmoja mmoja wakitoka kazini: karani kalamu bado iko mfukoni, mwalimu ana vumbi la chaki vidoleni, fundi cherehani kafunga duka mapema kidogo. Fidla hutolewa masandukuni, ganuni hulazwa mapajani na nyuzi zake kukazwa moja baada ya moja. Wimbo ukiharibika huanzwa upya kwa kicheko. Watu hao hao, na ala zao zile zile, ukiwakalisha mbele ya ukumbi uliojaa hugeuka wageni wa nafsi zao. Mate hukauka, viganja hulowa jasho. Upinde wa fidla, ambao juzi uliteleza juu ya nyuzi kama ngalawa kwenye maji matulivu, leo unarukaruka, na aliyeushika anadhani dunia nzima inausikia. Mwili unamwaga adrenalini kana kwamba mwenyewe kakutana na chui njiani. Kumbe chui huyo ni majirani waliovaa nguo za sikukuu, na katikati yao shangazi yake.

Lugha yetu ina neno zuri kwa mpigaji wa namna hii: ni mwanamuziki wa ridhaa. Hakuajiriwa wala hakulazimishwa, karidhia mwenyewe. Vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, vimevuka vizazi kwa jasho la watu ambao mchana walikuwa na shughuli nyingine za kuwapatia riziki. Tungetazamia kwamba asiyelipwa ndiye awe na moyo mwepesi, kwa kuwa hana mkate wa kupoteza. Mara nyingi huwa kinyume. Anayelipwa ana pa kujifichia. Akiteleza, atasema kazi ina siku zake. Wa ridhaa hana kisingizio hicho. Alichopanda nacho jukwaani ni kitu anachokipenda, na mtu hupunjwa ujira akasahau, lakini kukataliwa penzi hukumbuka.

Tusidhani pia kwamba ubingwa huufukuza woga. Pablo Casals, Mhispania aliyepiga sello mpaka dunia ikamtambua, hakuagana na kiwewe cha jukwaani maisha yake yote. Mwaka 1901, akiwa kijana, alikuwa akipanda mlima karibu na San Francisco, jiwe likaporomoka na kumponda mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu kwa kuwa hatalazimika kupiga tena. Mkono ulipona, naye akaendelea kupiga hadi uzeeni. Mtu aliyeona jiwe kuwa ukombozi alirudi kwenye kiti kile kile, usiku baada ya usiku. Ni nini kilichokuwa kikimrudisha?

Kwetu sisi woga huu una mizizi mingine pia. Tumelelewa kwa haya. Mtoto huambiwa atulie, ashushe sauti mbele ya wakubwa, asijioneshe. Kisha siku moja mtoto yule, sasa mtu mzima, anaombwa akae juu ya watu, kwenye mwanga, na kudai masikio yao. Anayetetemeka hapo huenda anatii malezi mema kuliko tunavyofikiri, kwa sababu anajua kuwa muda wa watu ni amana. Lakini haya ina mpaka wake. Ikizidi, hugeuka na kuwa namna ya kujitazama: nitaonekanaje, watanisema vipi, jina langu litabaki wapi. Hapo unyenyekevu umevaliwa nje tu, ndani kuna mtu aliyejiweka katikati ya ukumbi hata kabla hajapiga noti moja.

Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zilizompa sifa pwani nzima, alikuwa muuza vyungu, akipita mitaani na kunadi kwa sauti yake. Mtaa haukumpa kiti cha heshima, wala wapita njia hawakuja kumpima. Sauti ilikuwa na kazi ya kufanya: chungu kinunuliwe, siku ipite. Pengine shule ya namna hiyo hufundisha jambo ambalo mazoezi ya chumbani hayafundishi, kwamba sauti hutulia inapokuwa na mtu wa kumhudumia.

Na taarab yenyewe, kwa desturi yake ya kutunza, inatufunulia kinachotokea upande wa pili. Mama anainuka kitini, anakuja taratibu kwa madaha, noti imeinuliwa, anamkabidhi mwimbaji na kurudi. Aliye jukwaani hudhani amepewa alama za mtihani. Lakini kila anayeijua taarab anajua kwamba mama yule hakuinukia koo la mwimbaji peke yake. Ameinukia ubeti fulani, neno fulani, kwa sababu lina mwenyewe: mke mwenza aliyekaa safu ya tatu, mchumba aliyevunja ahadi, faraja aliyoingoja miezi. Kila mmoja ukumbini ameshughulika na moyo wake. Macho ambayo mpiga fidla anayaogopa yanatazama kwingine kabisa.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, nasi tumezoea kusikia humo sifa ya nyumbani. Lakini kwao mtu ni wapi? Yawezekana ni popote anapoacha kuwaona waliokaa mbele yake kuwa mahakimu, akawaona kuwa watu waliokuja na mizigo yao na wanatafuta pa kuitua. Mkono hautaacha kutetemeka kwa kulijua hilo. Utatetemeka katika utangulizi, utatetemeka ubeti wa kwanza, na noti mbili tatu zitapotea njia. Kisha wenzake wataingia kwa pamoja, ganuni na udi na akodiani, na ule mtetemo utamezwa ndani ya sauti ya wengi. Mama wa safu ya tano hataujua kamwe. Yeye ameshafungua mkoba, anatafuta noti, maana ubeti wake unakaribia.