Deni la kitu cha bure

Ukifungua Vim bila faili, katikati ya kioo yanatokea maneno yanayokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Hapa Babati mimi huyaona karibu kila asubuhi, kabla sijaanza habari ya bei ya mahindi au ya viboko wa ziwani. Huwa nayapita, kama tunavyompita ombaomba wa stendi.

Programu hii aliitoa Mholanzi, Bram Moolenaar, mwaka 1991. Baadaye alijitolea mwaka mzima Kibaale, kusini mwa Uganda, akawaona yatima wa UKIMWI. Sharti lake jepesi: itumie, inakili, ila ukiridhika wachangie wale. Alifariki Agosti 2023, ombi limebaki.

Sasa hesabu yangu. Nimekesha usiku mwingi nikipanga njia za mkato: herufi tatu tu, na "Mkuu wa Mkoa wa Manyara" linajiandika lenyewe. Nimeongeza programu-jalizi kumi na moja, nane sizigusi. Mke wangu aliwahi kuuliza, "Hivi wewe unalima, au unanoa jembe tu?" Bando zote hizo, na Kibaale sijatuma hata senti.

Najitetea kwamba mshahara wa mwandishi wa mkoani unajulikana. Tena neno "maskini" linanikera, maana Kibaale haiko mbali na Kagera. Hao ni majirani. Lakini kama ni majirani, si ndiyo deni linazidi?

Upo mstari mmoja wa mipangilio unaoficha ombi lile. Mwezi uliopita niliuandika, nikauangalia, nikaufuta. Pesa bado sijatuma.