Suala Kutoka Ndhiwa: Dhulma ya Asiyekuwa Wetu

Ndugu yetu mmoja mwenye duka Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, ametuletea suala ambalo tumelisoma darsani mara mbili, na mara zote mbili watu wakatofautiana. Asema kwamba jirani yake ni Mjaluo, mkulima wa miwa, wala si Muislamu. Mwanawe alikwenda Nairobi akaajiriwa kazi ya kompyuta, na kazi yenyewe ikawa ni kutazama mchana kutwa picha za watu wakiuawa na watoto wakifanyiwa uovu, azifute zisiwafikie wengine. Sasa amerudi kwa babake, na usiku halali. Yule mzee akamuuliza ndugu yetu: “Nyinyi Waislamu, dini yenu yasemaje juu ya tajiri wa namna hii?” Hakuwa na jawabu. Naye atuuliza: Je, yatupasa kuwaunga mkono vijana hawa wanaodai haki yao, hali wengi wao si wa dini yetu wala si watu wa kwetu?

Kwanza yafaa msomaji alijue jambo lenyewe. Facebook iliitoa kazi hii kwa Sama, kampuni ya Kimarekani yenye ofisi Nairobi. Mwezi wa Februari 2022 gazeti la TIME lilieleza kwamba baadhi ya wafanyakazi walipata kiasi cha dola moja na nusu kwa saa. Mwezi wa Mei mwaka huo Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini, akaishtaki Sama pamoja na Meta, wenye Facebook, mahakamani Nairobi. Alidai kwamba hakuelezwa kazi ilivyo kabla ya kuitwa, na kwamba alifukuzwa kwa kuwakusanya wenzake. Mwaka 2023 wafanyakazi 184 wakafungua kesi yao, na Desemba 2024 ikafahamika kwamba zaidi ya 140 walipimwa na daktari wakakutwa na maradhi ya nafsi yatokanayo na vitisho walivyoviona. Makampuni yameyakanusha madai hayo, na hukumu ni ya kadhi aliyesikiliza pande zote mbili, si yetu.

Lakini liko jambo lisilohitaji shahidi. Mwaka 2020 Facebook, bila ya kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa waliofanya kazi hii hii Marekani. Walipodai wa Nairobi, jawabu la Meta likawa kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, hoja iliyokataliwa na Mahakama ya Rufani mwezi wa Septemba 2024. Jicho lililoumia kule lina fidia. Lililoumia huku laulizwa kwanza kama lina ruhusa ya kushtaki. Ikiwa huku si kupunja mizani, basi hatujui kupunja ni kupi. Na mwenye kusema kuwa hiyo ni tofauti ya nchi tu, si ya rangi, na atuambie kwa nini kazi chafu kama hii hupelekwa daima kwa wale ambao bei yao imekadiriwa kuwa ni ndogo.

Mzee mmoja darsani alisema: “Si waliridhia wenyewe, wakatia sahihi?” Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Fuqaha wetu wa madhehebu ya Shafi wameshurutisha katika ijara kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. Basi aliyeitwa kwa kazi asiyoelezwa, ridhaa yake ni ridhaa ya kipofu.

Na habari ya Abu Dharr (r.a.) twaijua sote. Alimtukana mtu kwa mamake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Kisha akamfundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu. Tuwalishe tulacho, tuwavishe tuvaacho, wala tusiwakalifishe lenye kuwashinda, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Tangu siku hiyo Abu Dharr akawa avaa nguo sawa na mtumishi wake.

Ama kuhusu kuwa wadai si Waislamu, tutazame Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa Makka na mkubwa wa Kikureshi. Hakuwa na ukoo mjini wa kumtetea. Watu wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud‘an, wakaapa kusimama na mwenye kudhulumiwa yeyote. Mtume wetu alikuwamo, kabla ya kupewa utume. Na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angaliitwa tena kwa mapatano kama yale, angaliitika.

Kwa hivyo jawabu letu ni ndiyo, yatupasa. Lakini ndugu yetu aliongeza neno katika barua yake, nalo limetuuma: kwamba alipokuja Pwani akaisimulia habari hii barazani, aliambiwa, “Hayo ni mambo ya watu wa bara.” Hatuwezi kulikana. Wangapi kati yetu humwita mtumishi wa nyumbani kwa kabila lake, na jina lake hatulijui? Wangapi humlipa mtu wa bara pungufu ya wampavyo mtu wa mtaani, kwa mzigo ule ule? Sisi tuandikao haya hatujitoi. Tajiri wa Marekani hakuvumbua mizani hii; na kwetu imo.

Tumemwandikia ndugu yetu aende kwa jirani yake akampe jawabu hili, na asiende mikono mitupu, kwani mgonjwa ana gharama. Na Alkhamisi baada ya Isha tutaanza kusoma mlango wa ijara. Kijana yeyote aliyepewa karatasi ya kazi asiyoifahamu na aje nayo, awe wa mtaani au wa bara. Na wenye kuajiri waje vilevile.