Kuomba kwa Niaba ya Mtoto

Kuomba ni kazi ngumu. Mtu aombaye kwa ajili ya tumbo lake huona haya, na haya hiyo humfanya apime maneno yake. Lakini mtu aombaye kwa ajili ya mwingine, hasa kwa ajili ya mtoto, aghalabu haoni haya hata kidogo. Hujiona mtenda mema, na mtenda mema hajichungi sana. Hapo ndipo ilipo hatari ninayotaka tuitazame pamoja, msomaji. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali kusema lolote, maadamu kitakachopatikana kitamfaa mtoto?

Usidhani kwamba swali hili ni la wazee peke yao. Leo u mwanafunzi; kesho yamkini utakuwa katibu wa chama cha vijana mtaani kwenu, nawe utaketi mezani kuandika maombi ya ruzuku kwa shirika la hisani. Utaulizwa shida ni nini, watoto ni wangapi, mtafanya nini, fedha zitatumiwaje, na mtajuaje kama mmefaulu. Nyuma ya maswali hayo lipo moja lisiloandikwa: wewe mwombaji ni mtu wa namna gani?

Kwanza tuondoe kosa moja njiani. Wapo wasemao kuwa kuomba ni kujidhili, nao hututajia methali isemayo mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali ni ya kweli, lakini yakemea kutegemea, haikatazi kuomba. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiwaombea vijana wetu nafasi za masomo na nauli ya kuwafikisha huko. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari nyingine. Huku nyumbani nako, wazazi na majirani walichanga walichokuwa nacho. Mkono mmoja uliomba, na wa pili ulitoa. Kuomba kwa namna hiyo si kujidhili. Ni kumwita jirani aje kushika upande wa pili wa mzigo ambao wewe umekwisha kuushika.

Sasa turudi katika swali letu. Mwaka 1919 Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kupiganwa, lakini njaa ilikuwa ikiua watoto katika nchi zilizoshindwa. Mwanamke wa Kiingereza, Eglantyne Jebb, aligawa mjini London karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeshwa na njaa. Akashtakiwa kwa kuwa karatasi hizo hazikupitishwa na wakaguzi wa serikali, akatozwa faini ya pauni 5. Mwendesha mashtaka mwenyewe akampa fedha kadiri ya faini ile. Mwaka huo huo yeye na nduguye, Dorothy Buxton, wakaanzisha shirika la Save the Children, ambalo lafanya kazi hata leo.

Utasema: basi picha ya mtoto mwenye njaa ni halali, kwani iliokoa maisha. Naam, picha ile ilikuwa ya kweli, na ilisema jambo ambalo watu wengi hawakutaka kulitazama. Lakini angalia alivyofanya Jebb baadaye. Aliandika azimio la haki za mtoto, likakubaliwa na Shirikisho la Mataifa mjini Geneva mwaka 1924. Azimio hilo lataka mwenye njaa alishwe na mgonjwa auguzwe. Kisha lataka mtoto alelewe akijua kwamba vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenzake. Basi mtoto si tumbo tupu la kujazwa tu. Ni mtu, na siku moja naye atatoa.

Jambo hili nililifahamu kwa kuumia. Nilipokuwa mwalimu mchanga, tulitaka vitabu kwa ajili ya chama cha watoto cha kusoma jioni. Nikaandika barua ya maombi, na ili kuulainisha moyo wa mfadhili nikasema kwamba watoto wetu hawana mtu wa kuwajali. Nikaiacha mezani. Msichana mmoja aliyeleta madaftari akaisoma, akasimama kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mama yangu huamka saa kumi za usiku kwenda sokoni kuuza mboga, ili mimi nisome. Mbona umeandika kuwa sina wa kunijali?"

Sikuwa na jibu. Nilichana barua ile, nikaandika nyingine isiyo na uongo. Barua hiyo ya pili ilikataliwa, na chama chetu kikakaa mwaka mzima bila vitabu.

Sitaki kulipita jambo hili upesi, kwa maana hapa ndipo penye uzito. Mtu anaweza kuniambia: uliiponya dhamiri yako kwa gharama ya watoto, wewe ulilala usingizi mwema, nao wakakosa vitabu. Lawama hiyo ina nguvu, nami niliifikiri siku nyingi. Ninayo majibu mawili. Mosi, mfuko wa mfadhili una mwisho. Nikipata kwa uongo, nimemnyang'anya mtoto mwingine ambaye mwombaji wake alisema kweli, na mtoto huyo sitamwona kamwe. Pili, ningewapa watoto wangu vitabu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ningewafundisha kuwa heshima ya mama zao ni bidhaa. Somo hilo la pili wangelikumbuka kuliko yote yaliyomo vitabuni.

Walakini nakiri kosa langu jingine. Barua ya pili ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa dhaifu. Nilikuwa nimeondoa uongo bila kuweka kitu mahali pake, kana kwamba mtu asiyetia chumvi hana la kusema. Barua ya tatu tuliiandika pamoja na wazazi. Tulitaja chumba tulichonacho, mabenchi yaliyotengenezwa na baba mmoja, shilingi ambazo mama wa sokoni walichanga kila juma, na idadi halisi ya watoto. Kisha tukataja tusichoweza kukipata wenyewe. Tulipewa vitabu, ingawa si vyote tulivyoomba.

Ukweli, basi, hauwi mdogo kwa kutaja nguvu za watoto pamoja na shida zao. Huko Mathare, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana, na timu zake zilipata pointi si kwa mabao tu, bali pia kwa kazi ya kusafisha mtaa. Mfadhili aliyesaidia vijana wale hakuwa akitupa sarafu katika kopo la mwombaji. Alikuwa akiongeza nguvu penye nguvu.

Yako pia mambo ambayo ni ya kweli, lakini si yako kuyatoa. Ugonjwa wa mtoto, kifungo cha baba yake, uso wake akilia: hayo ni mali yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Lakini hata pasipokuwa na sheria, heshima ingetosha kutuzuia. Na fedha zikiisha kupatikana, ukweli ule ule uendelee katika stakabadhi na hesabu, kwa maana aombaye kwa kweli na kutumia kwa hila ni mwongo aliyechelewa tu.

Basi, msomaji, siku utakapoandika maombi kwa niaba ya watoto, fanya jaribio hili. Kabla ya kuyatuma, yasome kwa sauti mbele ya mtoto unayemwombea, na mama yake akiwa ameketi kando. Ukiona ulimi wako unasita mahali, simama hapo. Sentensi hiyo si yako. Ifute, kisha uwaulize wenyewe wangependa iandikwe nini.